Namna ya kujua masika yameingia kweli

Mvua moja kubwa ya Machi si masika. Nalitanguliza hili kwa sababu karibu kila mwaka huku kwetu Muheza, mkoani Tanga, inanyesha mvua ya usiku mmoja, mifereji inafurika, watoto wanashinda kwenye madimbwi, na kesho yake nusu ya kijiji iko shambani na mbegu. Baada ya siku kumi na nne mahindi yameota vidole viwili na majani yamejisokota kwa jua. Mbegu imeliwa na ardhi, mgongo unauma, na mvua yenyewe bado iko baharini.

Ninalima mahindi, kunde, muhogo na michungwa kidogo, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Babu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi Pangani, na bibi alikuwa mkulima wa jembe la mkono. Babu aliutazama upepo, bibi aliutazama udongo, na kila Machi walibishana hadi mmoja akubali. Ninayoyaeleza hapa mengi ni yao. Kipima mvua na daftari nimeongeza mimi.

Uko upande gani wa nchi?

Maelezo haya ni ya sisi tunaopata mvua mara mbili kwa mwaka: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ndivyo ilivyo Tanga, Dar es Salaam, Pwani, Unguja na Pemba, kaskazini mwa Morogoro, Kilimanjaro, Arusha, na sehemu kubwa ya Kenya. Ndugu zetu wa Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya, Ruvuma, Lindi na Mtwara wana msimu mmoja tu, unaoanza Novemba hivi na kuishia Aprili au Mei. Machi ikifika wao wameshalima zamani. Dalili za wadudu na za udongo zitawafaa pia, ila wazitazame Novemba.

Hata sisi wa pwani moja hatulingani. Dar es Salaam mvua hufikia kilele Aprili, lakini Tanga mwezi wa maji mengi ni Mei. Kwa hiyo shemeji akikupigia simu kutoka Dar kwamba kwake kunamwagika, mshukuru, kisha utazame anga lako mwenyewe.

Anza na kivuli

Kabla ya kushughulika na mawingu, jua ni lini unapaswa kuanza kutazama. Simika fito wima uani, mahali pa wazi. Mwanzoni mwa Machi jua linapita utosini kwetu likielekea kaskazini: Dar es Salaam ni karibu tarehe 3, Muheza na Tanga ni karibu tarehe 7, Mombasa ni karibu tarehe 10. Siku hiyo, saa sita na nusu mchana hivi, kivuli cha fito kinakwisha kabisa, kinaingia chini ya fito lenyewe. Usitazame saa sita kamili, kwa maana huku pwani jua linachelewa nusu saa na zaidi kufika juu kabisa kipindi hicho.

Ukanda wa mvua hulifuata jua, lakini hulifuata kwa kuchelewa, wiki kadhaa nyuma yake. Ndiyo maana siku ya kukosa kivuli huwa ya jua kali na haina hata wingu. Mvua inayonyesha kabla ya siku hiyo mimi naihesabu kuwa ya kiangazi. Inafaa kwa majani ya mbuzi na kwa kulainisha ardhi ya kulima, wala siitolei mbegu.

Wazee wa pwani na visiwani walikuwa na hesabu nyingine, na wapo wanaoishika hadi leo. Wanahesabu siku tangu Mwaka, ile siku inayoadhimishwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa mwishoni mwa Julai, wakizigawa kumi kumi, na kila kumi ni mwongo mmoja. Kwa hesabu hiyo katikati ya Machi huangukia mwongo wa 24. Mwaka huo una siku 365 basi, hauna mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne unasogea siku moja dhidi ya kalenda ya ukutani. Ukipata mzee anayeijua miongo, kaa naye uandike. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, nayo hutoa taarifa ya hali ya hewa kwa wakulima kwa siku kumi kumi, na mimi huiweka taarifa hiyo sambamba na miongo kwenye daftari langu. Zinakaa vizuri pamoja.

Upepo ndio wa kuaminiwa kwanza

Tangu Desemba pwani yetu inatawaliwa na kaskazi, upepo unaotoka kaskazini mashariki. Ni upepo mkavu, bahari inatulia, na majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yakiteremka nao. Kuanzia Aprili tunaingia kwenye kusi, unaotoka kusini na kusini mashariki, ukivuka bahari pana na kufika umejaa unyevu, na ndio uliowarudisha mabaharia kwao. Katikati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha kigeugeu ambacho watu wa bahari wanakiita maleleji, au tanga mbili. Masika yetu hukaribia mlemle ndani ya kigeugeu hicho. Ukiweza kuyatambua maleleji umeshafanya nusu ya kazi.

Fanya hivi. Funga kipande cha kanga kuukuu juu ya mti mrefu, kipite paa na miti ya karibu. Kitazame kila siku saa kumi alasiri. Asubuhi hapafai, kwani alfajiri pwani inavuma umande, upepo wa bara unaoelekea baharini, nao upo majira karibu yote. Anayetazama asubuhi tu atadhani upepo haubadiliki kamwe. Alasiri ndipo upepo mkubwa unapojionyesha.

Mwanzoni mwa Machi kitambaa kitaonyesha kaskazi, tena kwa nguvu. Baadaye utaona siku ambazo kimelala tu, halafu siku za kupepea huku na huku bila mwelekeo, pengine kutoka mashariki moja kwa moja, upepo tunaouita matlai. Hayo ndiyo maleleji. Baada ya hapo, siku chache mfululizo, kitambaa kinaelekezwa na upepo wa kusini mashariki. Babu alikuwa haamini siku moja ya kusi wala ya pili. Alitaka iwe inarudi alasiri baada ya alasiri ndipo aseme neno.

Zingatia sana jambo hili: ikinyesha mvua kubwa, kisha kaskazi ikarudi na kutulia siku kadhaa, anga likawa la buluu safi, hiyo mvua ilikuwa ya kupita. Mbegu ibaki ndani. Lakini ikinyesha na upepo ukabaki kulala au ukageukia kusi, noa jembe.

Ukiwa na mtu Pangani, Kigombe au Tanga mjini, muulize wavuvi wanafanya nini. Wenye ngalawa hawasubiri redio. Utasikia wameanza kuvuta vyombo juu zaidi ya ufuko, wa dago, wale wanaopiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, wanarudi makwao, na wanaokwenda mbali wamepunguza safari kwa sababu bahari imeanza kuchafuka. Mvuvi akikosea upepo anaweza asirudi nyumbani, na kwa hiyo mimi huchukua neno lake kwa uzito kuliko langu.

Fukuto, mawingu na radi

Februari na Machi ni miezi yetu ya joto kali, lakini joto la kuelekea masika lina tabia yake. Kaskazi ikifa, usiku unakuwa wa fukuto, huwezi kujifunika hata shuka. Chumvi jikoni inalowa na kugandana kwenye kibuyu. Mlango wa mbao uliokuwa ukifunguka kwa kidole unaanza kukwama kwa kuvimba. Hizi ni dalili ndogo za ndani ya nyumba, na nazipenda kwa sababu hata mgonjwa aliyelala kitandani anaweza kuzisoma. Zinakuambia hewa imejaa maji.

Nje, tazama mlima kama unao karibu. Kipindi cha kaskazi Usambara huonekana wazi asubuhi, unaweza kuhesabu vilele. Masika yakikaribia wingu linakalia mlima tangu alfajiri na kushuka hadi kwenye mashamba ya chini, na mchana halinyanyuki lote. Amani kule juu hupata mvua siku nyingi kabla yetu, na ndiyo maana naulizia mto Zigi unaoteremka kutoka huko. Zigi ukigeuka rangi kuwa kahawia huku kwetu bado kukavu, maji yako njiani. Ukigeuka kahawia siku mbili na kurudi kuwa safi, bado.

Mwanga wa radi upande wa baharini usiku, bila ngurumo, ni dalili nzuri lakini ya mbali; huonekana hata wiki kadhaa kabla. Mawingu ya kutazamwa zaidi ni yale ya asubuhi mashariki, yanayojipanga chini juu ya bahari na kuja bara yakiwa yameshikana. Mvua ya kiangazi huja alasiri, kwa kishindo, upepo mbele, na kwisha ndani ya saa moja. Mvua ya masika yaliyoingia huku kwetu huanza usiku wa manane au alfajiri, haina haraka, na unaamka bado inanyesha.

Viumbe: watenganishe wanaotangulia na wanaofuata

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Kumbikumbi hawabashiri mvua. Wanatoka kwa sababu imeshanyesha. Ardhi ikilainika, wanaruka jioni au usiku baada ya mvua, na watoto wanakwenda kuwakinga kwenye taa. Wanatoka masika na wanatoka vuli, na watatoka hata kwa mvua ile ya kudanganya. Ukitaka kumtumia mchwa kama dalili, nenda kwenye kichuguu chenyewe mapema. Kabla ya kumbikumbi kuruka, mchwa wafanyakazi hutoboa matundu mapya na kuyaandalia njia ya kutokea. Kichuguu kilichokuwa kimefungwa kote kikianza kuonyesha matundu na udongo mpya kandokando, ndani wameshajiandaa.

Dudumizi naye tumemsingizia mengi. Ni ndege wa vichakani, mwenye mabawa ya rangi ya kutu na mstari mweupe juu ya jicho, anayeimba kwa sauti inayobubujika, maji yakimiminwa kutoka kwenye chupa. Ni kweli analia sana majira ya mvua yakikaribia na yakiwa yameingia, kwa kuwa ndio wakati wake wa kuzaa. Lakini utamsikia pia miezi mingine, hasa alfajiri. Mimi hutega sikio nijue kama wako wawili wanaoitikiana, na kama wanaendelea mchana kutwa kwa siku nyingi. Dudumizi mmoja wa alfajiri namwitikia salamu tu.

Wanaoondoka wana maana kuliko wanaolia. Keremkerem wekundu waliokaa pwani tangu mwisho wa mwaka uliopita wanapungua Machi. Mbayuwayu wa Ulaya, wale wenye mkia wa panda na koo jekundu, wanakusanyika kwenye nyaya za umeme, na kati ya Machi na Aprili wanakwenda zao kaskazini. Huko wanakokwenda watu wanawangojea wawape habari kwamba baridi imekwisha. Sisi kuondoka kwao kunatuambia kwamba kaskazi imekwisha. Ndege haohao wamebeba habari mbili. Siku utakapotazama nyaya ukaona ziko tupu, iandike.

Sasa wale wanaofuata mvua. Wana faida kubwa, maana wao wanapima kile ambacho wewe ungependa kukipima: je, maji yameingia kiasi gani ardhini?

Konokono wakubwa wa kahawia ni walimu wazuri. Kiangazi hujifungia ndani ya gamba kwa utando mweupe mgumu, wakajificha chini ya majani makavu na mashina ya migomba. Mvua ya kwanza wachache wanafungua. Kukikauka wanarudi kujifunga. Tazama asubuhi ya tatu na ya nne baada ya mvua: kama bado wanatembea, na utando mweupe umetupwa chini, unyevu umekaa. Majongoo weusi ni hivyohivyo, wakijaa njiani siku moja na kupotea, mvua nayo imepotea.

Siafu wakianza kukata njia kwa misafara mirefu, udongo wa chini umelowa na wanahama. Hii nayo ni onyo: siku hiyohiyo kagua banda la kuku, kwa sababu siafu wakiingia usiku hawaachi kifaranga. Mwaga majivu kuzunguka banda, na vifaranga wahamishe mapema.

Kuna dalili moja ambayo wengi huipita bila kuitazama. Tafuta dimbwi linalojaa wakati wa mvua tu, kisha tazama matawi yaliyoinama juu yake. Ukiona povu jeupe lililoganda kwenye tawi, la ukubwa wa ngumi au zaidi, hayo ni mayai ya chura wa mtini. Anayataga juu ya maji kwenye povu, na baada ya siku chache viluwiluwi wanadondoka dimbwini na kuhitaji wiki kadhaa za maji kabla ya kupata miguu. Povu moja halitoshi, chura naye hubahatisha. Yakiwa mengi juu ya dimbwi moja, na dimbwi halikauki, mimi moyo unatulia. Kelele za vyura peke yake hazina uzito huo. Vyura hupiga kelele hata kwa mvua ya usiku mmoja.

Kwenye mimea sitakaa sana, kwa kuwa miti mingi huku kwetu huchanganya vuli na masika. Liko ua moja tu ninalolitafuta: jekundu, la mviringo, lenye nyuzi nyingi zilizosimama pande zote, linalochomoza ardhini kwenye kivuli cha miti kabla majani yake hayajatoka. Linatoka mvua zinapoanza. Nikiliona pembeni mwa njia najua kitunguu chake kilichokaa chini kimeshapata maji.

Pima mvua yako mwenyewe

Macho hudanganya. Mvua ya kelele nyingi juu ya bati inaweza kuwa milimita tano, na ile ya kimya ya usiku kucha ikawa thelathini. Tengeneza kipima mvua; hakihitaji fedha.

Chukua chupa ya maji ya plastiki ya lita moja na nusu, iliyonyooka ubavuni. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kunyooka, igeuze kichwa chini, uipachike mdomoni mwa chupa iwe faneli; inazuia maji kupotea kwa jua na majani kuingia. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo tia kokoto chache kuipa uzito na kumimina maji hadi yapite mabonde ya kitako. Piga mstari hapo. Hiyo ndiyo sifuri. Kutoka sifuri, shikiza rula ubavuni na uweke alama za milimita kwa kalamu isiyofutika. Ichimbie kidogo ardhini au ifunge kwenye kigingi isianguke, mbali na miti na nyumba. Kama mti una mita tano, kaa mita kumi kutoka hapo.

Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma watu wa hali ya hewa, kisha mwaga na kurudisha maji hadi sifuri. Usipoyarudisha, maji ya jana utayahesabu leo tena, na kama jua limeyakausha chini ya mstari utapata pungufu.

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Kumbuka hilo ukisikia kiwango ambacho wataalamu wa kanda yetu hukitumia kusema msimu umeanza: angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, na ndani ya siku 21 zinazofuata pasiwepo kipindi cha ukavu kinachofikia siku saba. Milimita 20 ni ndoo moja ya lita ishirini iliyomwagwa kwenye kipande cha mita moja kwa mita moja. Ukiifikiria hivyo utaelewa kwa nini manyunyu ya jioni mbili hayatoshi.

Sehemu ya kwanza ya kiwango hicho chupa yako inakupa. Sehemu ya pili iko mbele, nayo chupa haiwezi kuiona. Hapo ndipo kanga juu ya mti, wavuvi, mlima na taarifa ya siku kumi ya TMA vinapoingia kazini. Chupa inasema kilichokwisha kunyesha, upepo unasema kinachokuja, na mimi sipandi mpaka vyote viwili vikubaliane.

Halafu chimba

Bibi asingesikiliza habari za chupa. Alikuwa na jembe. Baada ya mvua, subiri asubuhi ya pili, nenda katikati ya shamba (usichimbe kwenye kijito wala chini ya mwembe) na uchimbe shimo la shibiri moja, kama sentimita 20. Tazama ukuta wa shimo. Udongo uliolowa ni mweusi zaidi, na utaona mstari pale unapokutana na udongo mkavu. Kama mstari uko vidole vinne kutoka juu, mvua imelowesha kifuniko tu. Mbegu ya mahindi unayoifukia sentimita tano itaota kwa unyevu huo, kisha mzizi utashuka na kukuta vumbi. Hapo ndipo mahindi ya watu yanapofia.

Ukifika shibiri nzima bila kuona mstari, chukua udongo wa chini kabisa, ufinyange kiganjani. Wa mfinyanzi ukishikana kuwa donge na kuacha mkono na unyevu, uko tayari. Ukinata vidoleni na kung'aa, umezidi maji, ngoja siku moja au mbili kabla ya kuukanyaga. Wa kichanga hautashikana sana hata ukiwa mzuri. Ukisimama kidogo na kuvunjika ukiugusa, unatosha, lakini kukauka haraka ndiyo tabia yake, kwa hiyo kwenye kichanga mimi hungoja mvua moja zaidi. Chimba mashimo matatu, juu ya mwinuko, katikati na bondeni. Bonde litakuambia mvua imejaa, na mwinuko utakuambia bado, na wote wanasema kweli kuhusu mahali pao.

Kinachovuruga yote

Kuna jambo moja linaloweza kuharibu dalili zote nilizozitaja: kimbunga kusini mwetu. Februari hadi Aprili vimbunga huzaliwa katika Bahari ya Hindi, na kikikaa Mkondo wa Msumbiji huvuta unyevu kuelekea kwake, sisi tukabaki na anga kavu hata kama upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Machi 2019 kimbunga Idai kilipopiga Beira na kuwaumiza ndugu zetu wa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, huku kwetu masika yalichelewa, Tanzania na Kenya. Waliopanda kwa mvua za mwanzo walipata tabu. Kwa hiyo katikati ya Machi sikiliza habari za Msumbiji pia. Ukisikia kimbunga kinatajwa, ongeza subira hata kama konokono wanatembea. Kikikusogelea wewe mwenyewe ni habari nyingine; Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia tarehe 4 Mei 2024, na siku kama hizo mtu hafikirii mbegu, anafuata maelekezo ya TMA na kuondoka mabondeni.

Dalili zikikubaliana

Usipande shamba lote siku moja. Mimi huanza na muhogo kwa sababu kijiti chake kinavumilia siku za ukavu, halafu mahindi ya sehemu ya bondeni na ya mfinyanzi, kisha mwinuko na kichanga mvua ya pili ikishathibitisha. Kunde naziweka nyuma kabisa, Mei hivi, ili maganda yakauke wakati mvua zimepungua. Ukizipanda na mahindi utavuna maganda yaliyooza. Mbegu ya mahindi usiimalize. Bakiza ya kurudishia mapengo, na chagua inayokomaa mapema, maana ukichelewa kupanda, Juni mvua haitakungoja.

Nyumbani, chandarua kiangaliwe matundu wiki hiyohiyo. Mbu huhitaji kama wiki moja au mbili tu kutoka yai hadi kuruka, na madimbwi unayoyafurahia shambani usiyaruhusu kwenye vifuu na makopo ya uani.

Daftari liwe na mistari michache kwa siku: upepo wa saa kumi, milimita za saa tatu asubuhi, na kiumbe chochote kilichoonekana au kuondoka. Endelea hadi mwisho wa Aprili, na jioni tazama vilimia, kile kikundi cha nyota, upande wa magharibi baada ya jua kuzama. Mwanzoni mwa Machi viko juu, kila wiki vinashuka, na kuelekea Mei vinazama kwenye mwanga wa jua, vionekane tena alfajiri mashariki mwezi wa Juni. Wazee walisema: vilimia vikizama kwa jua huzuka kwa mvua, vikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Andika vimezama kwa kipi. Kama ni kwa mvua, palilia upesi na uandae mahali pa kuanikia. Kama ni kwa jua, kunde zako za Mei zipeleke bondeni.